Kanga Ukutani

Katibu wa ushirika wa nyumba alisimama sebuleni kwa Bi Riziki akimsomea masharti ya ukarabati: ada ya kibali, barua ya mhandisi, saini za majirani wa juu na wa chini. "Anayebomoa kabla ya kibali anahama. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bwana katibu."

Nyuma ya Bi Riziki ilining'inia kanga. Jana fundi alitoboa ukuta pale, ili kiti cha magurudumu cha mumewe kipite kwenda chooni.

Katibu akacheka. "Siku hizi kuta zinavaa kanga?"

"Jina lake limenipendeza, nikaitundika nilisome."

Ghorofa ya juu, jirani akaburuta kitanda. Kanga ikatikisika. Chini ya pindo lake mchanga ukaanza kumwagika, taratibu, kuelekea kwenye kiatu cha katibu.