Kila Kinachopita Kooni

"Usimeze kwanza!"

Mahona alimpokonya mkewe, Tunu, kidonge, akatoka mbio kurudi duka la dawa la Nurdini, pale pale Gongoni.

"Kaka, niapie. Hakina penisilini?"

"Wallahi hakina!" Nurdini alikuwa ameshamchoka. "Hii ni jamii nyingine kabisa. Ila asimeze na njaa, kitamsumbua tumbo."

Jamani, msimcheke. Mwaka jana Tunu alichomwa sindano ya penisilini, uso ukamvimba, pumzi ikambana, almanusura wamzike. "Ikimwingia tena mwilini, huenda tusimuwahi," daktari alionya. Tangu siku hiyo mwanaume hana raha. Dawa yoyote ikiingia nyumbani, lazima aikague yeye.

Sasa jino la Tunu lilikuwa limetunga usaha, shavu limejaa, hawezi kutafuna hata ndizi mbivu. Atakula nini ili ameze dawa?

Mahona aliporudi alimkuta mama yake, Bi Minza, ameshuka na basi la Igunga. Mkononi ana dumu la maziwa.

"Shikamoo mama," Tunu alijikongoja kusalimia.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Ningefika tangu juzi, ila ng'ombe naye alinitia presha. Haya, nimekukamulia asubuhi hii, nikachemsha kabisa."

Mahona nusura aruke kwa furaha. Alijaza kikombe mwenyewe, akamshikia mkewe mdomoni.

"Kunywa, mke wangu. Yote, ndipo nikupe dawa."

Tunu alikunywa mpaka tone la mwisho. Akajifuta mdomo, akatabasamu kwa upande mmoja. Kisha akaanza kujikuna shingo. Akajikuna mikono. Midomo ikaanza kumvimba.

"Mahona... koo..."

"Nurdini ameniua!" Mahona alipiga kelele. "Mama, ita bodaboda! Twende hospitali! Muongo mkubwa yule, kidonge chake kina..."

Kidonge bado kilikuwa kiganjani mwake, kimelowa jasho.

Polepole akaligeukia lile dumu.

"Ah, maziwa hayana neno, baba!" Bi Minza alisema, huku akimpepea mkwewe kwa khanga. "Kiwele cha ng'ombe kilikuwa kimevimba, lakini kimepona. Jana nimemchoma mwenyewe penisilini, sindano nzima."