Doris Kafuata Gitaa

"Hapa hatuna Doris," alisema kijana mwenye ndevu, miguu juu ya meza. "Tuna Upepo, tuna Nyota, tuna mmoja anaitwa Alhamisi. Majina ya nyumbani watu huyaacha kituo cha basi, dada."

Wenzake wakaangua kicheko. Darlene hakucheka. Hii ndiyo ofisi ya watu wa kujitolea pale mtaa wa Haight, San Francisco, wanaosaidia waliotoroka makwao, na kiangazi kile cha 1967 nani hakutoroka! Ukuta mzima ulikuwa karatasi za ujumbe kutoka makwao. Bobby, rudi. Susan, baba yako hana hasira tena.

"Ana nywele nyekundu," Darlene akasema. "Akisikia gitaa anafumba macho."

"Hapo umenitajia mtaa mzima."

"Kaka, nakuomba. Kuna mtoto nyumbani, Timmy, bado mdogo kabisa. Tangu Doris aondoke hali chakula. Alikuwa anakunywa maziwa tu, sasa hata maziwa anatapika."

Kijana akashusha miguu. "Pole. Lakini hata tukimwona, hatukwambii alipo. Tunamwambia yeye kwamba anatafutwa. Akitaka atakuja, asipotaka basi." Akalitazama koti la Darlene, mikono yake mirefu imemeza vidole. "Na wewe je? Kwenu wanajua uko huku?"

"Mimi ndiye ninayeangalia nyumba," Darlene akajibu, akatoka.

Jamani, chanzo cha yote ni santuri! Santuri moja tu, kava lake lina rangi kama aliyelichora alikuwa na homa. Tena Darlene mwenyewe ndiye aliyeinunua kule kwao Modesto, akamfungia Doris zawadi ya siku ya kuzaliwa, akidhani itamchangamsha kidogo. Weee! Doris aliiweka asubuhi, jioni bado inalia. Baada ya siku chache viatu kavua. Mara haoshi tena vyombo, mara kanisani haendi, yuko sebuleni anacheza peke yake, nywele zimemwagika usoni.

"Punguza basi!" Darlene alimfokea siku moja. "Timmy kalala!"

Doris akamgeukia, machozi yanamtiririka. "Unalisikia hilo gitaa? Mimi siku zote naitwa nifanye kitu. Hili linaniita tu niende."

Na kweli akaenda. Waliamka wakakuta kitanda kitupu, gramafoni inazunguka, sindano inakwaruza. Baba Timmy alikaa mbele ya televisheni, akafungua bia, akasema, "Njaa itamrudisha." Haikumrudisha. Ndipo Darlene akamwachia jirani mtoto, akapanda basi.

Sasa mtaa ule! Kila dirisha lina wimbo wake, na kila gitaa likilia Darlene anapandisha ngazi mbio, anafungua mlango, anakuta watu wamelala sakafuni, wanamtazama kama wanaangalia moshi.

"Doris yuko hapa?"

"Sisi sote Doris!" wakamjibu kwa pamoja, wakajichekea.

"Sista, koti la nini na jua hili?" mwingine akampigia kelele barabarani. "Umejifunga kama kifurushi cha posta!"

Akaingia kwenye kibanda cha simu, akampigia jirani.

"Wamemlaza hospitali," jirani akasema. "Hawezi hata kukaa. Anaita tu, Darlene. Anaita mpaka sauti imekauka. Umempata?"

"Nampata leo," Darlene akasema. Simu ilipokatika, akakaa pale pale mlangoni mwa kibanda na kulia kwa sauti bila aibu yoyote.

Msichana mmoja peku, maua kichwani, akachuchumaa mbele yake. "Unamtafuta nani, mpenzi?"

Darlene akamweleza.

"Kwa Mama Jua umefika? Bustanini, kwenye supu ya bure. Hakuna aliyetoroka ambaye hajapita kwenye sufuria yake. Anatujua wote! Ukiwa na baridi anakufunika blanketi. Mimi kanichana nywele jana, taratibu, nikalala mapajani pake. Mama yangu mzazi hajawahi kunichana vile."

Darlene alikuwa ameshaondoka mbio.

Bustanini bendi ilikuwa juu ya lori, gitaa linapiga mayowe, watu wanacheza mpaka nyasi zimeisha. Foleni ya supu ilijipinda kama nyoka.

"Oyaa, usituchomekee!" wakamzomea. "Njaa ni yetu sote!"

Akarudi nyuma, akapanga foleni, huku anajisemea moyoni: Mama Jua, nakuomba, nionyeshe Doris alipo. Nionyeshe tu. Nitambeba mwenyewe.

Zamu yake ikafika. Mama Jua alikuwa ameinamia sufuria, kitambaa kichwani, upawa unachota kwa mdundo wa ngoma.

"Shika bakuli, mwanangu," akasema bila kuinua uso. "Kwangu hakuna mtoto anayelala na njaa."

Darlene hakulishika. Nywele zilizochungulia chini ya kitambaa zilikuwa nyekundu.

"Timmy yuko hospitali, mama," akasema. "Nimembembeleza nimeshindwa. Anakuita wewe uliyetuzaa."