Pumzi ya Nne

Bi Nasra, anayefagia ukumbi wa muziki, alinihadithia haya juzi tukichambua mchele. Wapiga fidla watatu walikuwa wakipiga mbele ya watu kwa kufuata karatasi isiyo na noti, michoro tu: mstari ni kuvuta sauti, duara ni kupumua pamoja. Aliichora marehemu Shamte, na mstari wake wa mwisho hauna kikomo.

Kwenye duara watu wakasikia pumzi nne. Wakaanza kutoka. Wapigaji wawili nao wakaacha, ila Mwanahawa, dada yake Shamte, akaendelea kupiga.

"Mwanangu, mwache apumzike," Bi Nasra akamwambia.

"Nikinyamaza, bibi, ataondoka."

Mwishowe Mwanahawa akaiweka fidla kitini, akachukua penseli, akatia nukta mwisho wa mstari. Pumzi ya nne ikakatika. Mwanahawa akalala palepale sakafuni, na kule kitini uzi mmoja wa fidla yake ukawa bado unatetemeka.