Mitungi Minane ya Giza

Ilikuwa mwaka 2391, msimu wa kipupwe, na kila jiko la Tukuyu liliwaka kwa maada ya giza, ile isiyoonekana ambayo huizunguka galaksi yetu na kuzizuia nyota za pembezoni, zinazokimbia mno, zisichopoke. Serikali iliikopesha kwa mitungi. Bi Atuganile alikuwa na minane; binti yake, Subilaga, alifundisha katika sayari ya pembezoni kabisa.

Asubuhi hiyo barua ya Subilaga ilifika, imechelewa kuliko zote. “Mama, nyota yetu inazidi kuponyoka. Nyinyi huko mnapika nini kisichoiva?”

Bi Atuganile akaitoa mitungi yote uani. Jirani yake, Mama Lugano, aliyekwisha kusikia habari za barua, akachungulia.

“Wewe Mama Subilaga, utakufa kwa baridi! Mitungi minane itashikilia nyota gani?”

“Haitoshi, najua. Lakini niliyokopa mimi ni hii.”

Akafungua koki moja baada ya nyingine ili maada irudi ilikotoka. Hakuna kilichoonekana wala kusikika. Mama Lugano akaingia ndani kutazama maharage yake, na Bi Atuganile, vidole vikimfa ganzi, akaufungua mtungi wa nane.