Kabati Limesikia

Siku hizi kabati la jikoni humfungulia asiye nacho tu. Mwenye nacho hungoja. Mwashamba, mjamzito wa miezi saba, alilishikilia huku akitetemeka, jasho likimtiririka.

“Nipe sukari! Imeshuka!”

“Nani anaomba?” kabati liliuliza kwa upole.

“Mimi! Nina sukari tangu utotoni!”

“Kama unayo, mama, waachie wasio nayo.”

Mama mkwe wake, Bi Msimu, akaja mbio na mchi, akaupiga mlango wa chuma. “Fungua, we mwanaharamu! Ana sukari huyu!”

“Nimesikia. Anayo.”

Mwashamba alishaporomoka sakafuni. Hapo ndipo alipoelewa kwamba neno moja tu, “sina”, lingeufungua mlango. Lakini ulimi ulishakufa ganzi, mtoto tumboni ameacha kucheza, na Bi Msimu alizidi kupiga kelele, “Ana sukari! Ana sukari!”