Kupitia Paa la Ami

Taa ya kisanduku cha intaneti iliwaka kijani, ilhali dhoruba ilikuwa imeangusha antena ya kijiji kwenye mnara wa kanisa.

“Sasa intaneti inapita wapi?” mama alimaka. Binti yake mkubwa alikuwa amejifungua Barcelona, nao walikuwa hawajamwona mtoto.

Roser, binti mdogo asiyezoea kupaza sauti, aliifuata njia ya mawimbi kwenye kompyuta: kwao, paa la ami, bondeni, kisha duniani.

“Ami katugeuzia antena yake!”

“Kaidi yule?” baba aliguna. Yeye na nduguye hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya bibi. Lakini macho yake hayakubanduka kwenye taa.

Kichanga kikatokea kwenye skrini, kinywa wazi kama kinda. Roser akasukuma dirisha lililoelekea kwa ami, akapaza sauti.

“Ami, njoo umwone mjukuu! Mimi sikugombana nawe, hata siku moja!”