Ngata ya Kitambaa Cheupe

Lori lilirukaruka kwenye mashimo ya Kipawa, Apolinari kasimama nyuma na sinia la chai. Mzungu wa shirika la ndege, kakaa benchi la mbele, alitaka kikombe kimfikie kimejaa. Waombaji kazi watatu walishajimwagia, wakateremshwa. Kabaki yeye, na nafasi ya kuhudumia abiria angani ilikuwa moja tu.

Shimo jingine. Chai ikachungulia ukingoni.

Apolinari akachuchumaa, akatua sinia. Akakitoa kitambaa cheupe begani, akakisokota ngata, akaiweka utosini, akajitwika. Bakuli la sukari akabaki nalo mkononi.

Penye bomba la maji kando ya barabara, akina mama wakaacha ndoo zao.

"Jamani, mwanamume kajitwika!"

"Mwali, ukifika nyumbani ukune na nazi!"

Masikio yakamwaka moto. Lakini shingo ilikuwa na akili zake, tangu enzi za kumtekea mama maji kisimani. Lori likiyumba huku, yenyewe inakwenda kule. Akafika, akapiga magoti, akatua.

Mzungu akachungulia. Kisahani kikavu kabisa. Akanywa funda moja, akakunja uso.

"Sukari iko wapi?"

"Vijiko vingapi, bwana?" akauliza Apolinari, bakuli lishafunuliwa.